Sauti ya Pili ya Ndugu Wanne

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, mwaka 2017, nilitupa santuri ya baba yangu. Niliitupa mwenyewe, pamoja na godoro, viatu na zulia lililolowa. Wiki iliyotangulia mvua ilinyesha siku nne bila kupumua, maji yakaingia nyumbani kwetu Gulfton, mtaa wa Houston, na sisi tulikuwa tunakaa ghorofa ya chini. Baba alikuwa amefariki mwezi wa nne katika nyumba hiyo hiyo. Santuri ilikuwa kwenye sanduku lake chini ya kitanda. Bahasha yake ilikuwa imegeuka uji, na ile karatasi ya duara ya katikati, yenye jina la wimbo, ilinibakia kidoleni nilipoigusa. Nikadhani imekufa. Nikaitia kwenye mfuko mweusi, nikaupeleka kwenye lundo lililokuwa mbele ya jengo, refu kama ukuta, na lori likaja kulizoa.

Zulia lile lilinuka magunia. Nilikuwa nimepiga magoti nikilikunja, harufu ikanipanda puani, na kwa muda kidogo sikuwa Houston. Nilikuwa kwenye ghala la mizigo la stesheni ya Morogoro, nimekalia gunia la mkonge, miguu haifiki chini. Nililia pale pale sakafuni. Jirani yangu, mama mmoja wa Kikongo, alidhani nalilia godoro, akaniahidi lake.

Nikaenda kukaa kwa binti yangu Upendo, mji wa Irving, karibu na uwanja wa ndege anakofanya kazi. Mume wake, Gody, ni kijana anayependa muziki wa zamani kuliko sisi tuliouishi. Ana mashine ya kupigia santuri, na kabati zima la nyimbo za kabla hajazaliwa. Tulikuwa tunakunywa chai, nikamweleza.

"Mama, santuri haifi kwa maji," akasema.

"Haifi?"

"Ile ni plastiki. Ungeiosha na sabuni ya vyombo, ukaianika kivulini. Ingeimba."

Upendo akamkanyaga mguu chini ya meza. Niliona.

Gody akajaribu kurekebisha. "Ilikuwa ya bendi gani, mama? Labda nitaipata kwa watu."

"Haikuwa bendi. Waliimba tu. Waliitwa Ndugu Wanne. Babu yake Upendo alikuwa mmoja wao."

Akatoa simu, akatafuta, akatafuta tena. Uso wake ukawa kama wa daktari anayesoma karatasi. "Hawapo, mama. Nime-search kote. Morogoro nzima ipo humu, magitaa yote, matarumbeta yote. Hao hakuna hata picha. Kwa nini watu hawawajui?"

Nilimpa sababu ambazo baba mwenyewe alikuwa akizitoa. Kwamba Morogoro wakati ule ulikuwa mji wa dansi, watu walitoka Dar es Salaam kwa treni kuja kucheza kwetu, na nyimbo za Ndugu Wanne hazichezeki. Walikuwa na gitaa moja, tena la kuanzishia wimbo tu, halafu linawekwa chini. Ukiwasikiliza unakaa, na kijana aliyevaa vizuri Jumamosi hataki kukaa. Halafu hawakuwa na nyota. Kila bendi ilikuwa na mtu wake ambaye wasichana walimjua kwa jina na kwa koti. Hawa walikuwa watumishi wanne wa reli wenye mashati meupe ya kazini, wamejipanga kama watu wanaopigwa picha. Hata kwenye santuri majina yao hayakuandikwa. Mtangazaji alisema "Ndugu Wanne," watu wakadhani ni watoto wa baba mmoja, wakati hata wa kabila moja hawakuwa. Na wimbo wao mtu mmoja hawezi kuuimba akiwa anafua nguo. Ukiushika sehemu moja, nyingine zinabaki nje. Nadhani hilo liliwaumiza kuliko yote, kwa sababu wimbo usioimbika karoni haufiki mbali.

Gody akatikisa kichwa, akasema, "Inauma, mama."

Sababu hizo zote ni kweli. Lakini ipo moja ambayo sikumwambia, na naiandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, tuliokua tukisikiliza redio ya jirani.

Tulikaa kota za reli, nyumba za mstari, ukuta mmoja na kina Stella. Stella alikuwa binti wa Bwana Tito, na wote wawili tulikuwa darasa la pili. Baba yangu alikuwa karani wa mizigo, Bwana Tito alikata tiketi. Jioni zamu ikiisha, wanne hao waliingia kwenye ghala, wakasimama duara katikati ya magunia ya mkonge, wameelekeana, migongo nje. Walisema magunia yanameza mwangwi, kwa hiyo mtu akikosea hana pa kujificha. Bwana Tito aliimba sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Baba aliimba ya pili. Wengine wawili, ambao sasa ni marehemu, waliimba ya tatu na besi. Na baba alikuwa na desturi yake: aliweka kiganja mgongoni mwa Bwana Tito, chini ya bega, na hakukiondoa mpaka wimbo uishe. Mimi nilidhani anachoka, anajiegemeza. Nilimwonea haya kidogo.

Mwaka ule waliomba ruhusa kazini, wakaenda Nairobi kurekodi, na baada ya miezi santuri ikafika kwa treni, ndani ya sanduku la mbao lenye majani makavu. Wimbo mmoja kila upande. Ule tulioupenda ulikuwa wa mwanamke anayengoja barua iliyopotea njiani. Hatukuwa na gramafoni. Mkuu wa stesheni alikuwa nayo, akaiweka dirishani kwake Jumapili mchana, kota nzima ikaja na viti vyake.

Sindano ikagusa. Gitaa kidogo, halafu Bwana Tito akaingia, juu, safi, kama yuko ndani ya chumba. Watu wakapiga kelele, "Tito huyo!" Stella akarukaruka. Besi ikaingia, watu wakacheka kwa furaha, wakampigapiga mwimbaji wake mgongoni. Mimi nilimngoja baba. Wimbo ukaisha. Wakaurudia. Nikasogea mpaka dirishani, sikio karibu na mashine kiasi cha kusikia sindano ikikwaruza. Tito alikuwamo, besi ilikuwamo, na katikati palikuwa na utamu fulani tu ambao sikujua ni wa nani.

Nikauliza kwa sauti kubwa, "Baba, mbona wewe humo?"

Kicheko kile kota ilikikumbuka mwaka mzima. "Yeye alikwenda Nairobi kula nyama!" akasema mke wa mkuu wa stesheni. "Alikwenda kuwabebea gitaa!" akadakia mwingine. Baba naye akacheka. Akaniinua, akaninong'oneza, "Nimo, mama. Nimo hapo katikati. Sikiliza taratibu." Alizoea kuniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Nikasikiliza taratibu. Sikumsikia.

Shuleni Stella aliniita mtoto wa bubu. Hakuwa mbaya, alikuwa na miaka minane na baba anayesikika. "Baba yako anafungua mdomo tu," alisema, akaonyesha jinsi samaki anavyofanya akitolewa majini, na wasichana wote wakafanya hivyo kila nilipopita. Nilivumilia kama wiki mbili. Kisha siku moja wakati wa mapumziko wamenizunguka, nikafanya jambo ambalo mtoto hufanya ili aachwe. Nilikubali. Nilisema, "Ni kweli. Haimbi. Anafungua mdomo tu, hata mama amesema."

Mama hakuwahi kusema hivyo. Nilimweka mama ili maneno yawe na uzito.

Na kweli yalikuwa na uzito. Stella aliyapeleka kwa mama yake, mama yake kwa Bwana Tito, na Bwana Tito akampelekea baba kazini kama utani. Nilijua yamefika, kwa sababu usiku ule baba aliacha ugali wake nusu, akamuuliza mama, "Hivi wewe sauti yangu umewahi kuisikia?"

Mama alikuwa anamvua mdogo wangu shati, wala hakugeuka. "Sauti gani?" akasema. Hakujua habari yoyote. Aliuliza tu kama mtu anavyouliza.

Baba akasema, "Basi," akanawa mikono. Mimi hakunigusa, hakunigombeza, hakuniuliza.

Si muda mrefu baada ya hapo ikaja habari kwamba bwana wa redio anakuja kutoka Dar es Salaam na mashine yake ya mikanda. Amesikia santuri. Anataka kuwarekodi Ndugu Wanne mbele ya watu, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, na kama ikitoka vizuri watapewa nafasi yao redioni, kila wiki, nchi nzima. Wakafanya mazoezi kila jioni. Siku ya kurekodi mama alipiga pasi shati la baba mara mbili.

Nilikwenda mapema nikakaa mbele kabisa, chini, karibu na miguu yao. Kila mtu alidhani nimekwenda kumshangilia baba. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchunguza mdomo. Nilitaka kujua kwa macho yangu mwenyewe kama kuna kitu kinatoka.

Wakasimama mstari safari hii, wametazama watu, baba kaweka mkono wake nyuma ya Bwana Tito kama kawaida. Bwana wa redio akainua kidole, mashine ikaanza kuzunguka. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Nakumbuka ukumbi ulivyotulia, hata watoto wachanga. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye midomo ya baba, nimekunja uso, kichwa nimekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Ubeti wa pili ulipoanza, baba akatazama chini akaniona.

Akanyamaza. Mdomo wake ulifungika kabisa. Mkono ukashuka.

Wengine watatu wakaendelea, na wimbo ukawa kitu kingine. Sijui niueleze vipi. Bwana Tito alikuwa juu peke yake, kama mtu aliyepanda ngazi halafu ngazi ikaondolewa. Ya tatu ikajaribu kumfuata ikapotea. Besi ikawa inanguruma huko chini bila kujua inambeba nani. Nyuma mtu akapiga mluzi, watu wakaanza kucheka, halafu wakazomea. Bwana wa redio akafunga mashine. Alikuwa mtu mstaarabu, akasema, "Tutawaita." Hakuwaita.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na baba, mama akiwa mbele na mtoto mgongoni. Nilimwonea baba huruma, lakini pia nilikuwa na furaha ya siri. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: wimbo uliharibika wakati yeye amefunga mdomo. Kwa hiyo si yeye aliyeuharibu. Nikamshika mkono nikamwambia, ili kumfariji, "Wenzako wamekosea, baba. Wewe hukukosea."

"Ndiyo, mama," akasema.

Bwana Tito hakuja kwetu tena. Mwaka uliofuata alihamishiwa Tabora. Stella aliondoka bila kuniaga, na kundi likaishia hapo, na santuri moja. Baba hakuimba tena mbele ya watu, hata kanisani.

Nilikuja Amerika nikiwa na zaidi ya miaka arobaini, nikafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na Jumapili nikajiunga na kwaya ya Kiswahili. Mwalimu wetu ni dada Mkenya, muuguzi, anakaa Pearland. Alinisikiliza dakika moja akanipanga sauti ya pili. Tulikuwa wawili tu katika sauti hiyo. Mwanzoni nilipaza, nikidhani ndiyo bidii. "Mama, shuka kidogo," akaniambia. "Usishindane na sauti ya kwanza. Wewe kazi yako ni kumshikilia. Watu wakikusikia wewe, tumeharibu."

Niliyachukua kama maelekezo ya kwaya, nikaendelea. Kisha jioni moja mwenzangu alikuwa zamu, na mimi basi lilinichelewesha. Nikafika wameshaanza. Nilikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango niliposikia wimbo ukiimbwa bila sisi. Shimo lile. Lilikuwa shimo lile lile la ukumbi wa reli, mahali pale pale. Sauti ya kwanza iko juu na chini yake hakuna kitu. Nikakaa kwenye ngazi, sikuingia mazoezini siku ile. Watoto wa mwalimu walinikuta wakaniuliza, "Auntie, are you sick?" Nikasema hapana, nimekumbuka kitu tu.

Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimemsikia baba mara moja tu maishani, na ilikuwa wakati ule aliponyamaza.

Miaka ya mwisho tulimleta akae nami Gulfton. Alikuwa anaosha vikombe asubuhi, huku akiimba ndani kwa ndani. Aliimba sehemu yake tu. Peke yake haifanani na wimbo: inapanda kidogo, inakaa hapo muda mrefu, inashuka nusu, inarudi. Jirani Mkongo aliniuliza mara moja, "Papa anasalaka?" akidhani ni sala. Mimi niliijua yote, kwa kuisikia kila siku, kila pumzi yake.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilijiandaa miezi. Siku moja anakausha kikombe, nikaanza, "Baba, siku ile ya redio..."

"Wenzangu walikosea," akasema, upesi, akacheka. "Si ulisema mwenyewe?" Akaning'iniza kikombe mahali pake na kunipa kitambaa.

Kwa hiyo alikuwa ameyatunza maneno yangu miaka hamsini, akayaweka tayari, ili siku nikija kuomba radhi anizibie njia. Sikujaribu tena. Alipofariki tulimrudisha Morogoro. Mimi sikuweza kumsindikiza, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijakamilika, na ningetoka nisingerudi. Nilimzika kwa kutazama simu, picha ikikatika kila dakika.

Gody hakukata tamaa. Aliuliza huku na huko kwenye makundi ya wapenzi wa muziki wa zamani, na santuri hakuipata, lakini mwaka uliofuata alimpata Stella. Alikuwa amerudi Morogoro na anamtunza baba yake. Bwana Tito alikuwa hai, haoni, ana miaka zaidi ya themanini. Nilipiga simu Jumamosi asubuhi, kwao jioni, nikiwa jikoni kwa Upendo.

"We mwanamke, bado mzima?" Stella akasema, na sauti yake ikawa ya darasa la pili. Tukacheka kidogo. Halafu akasema, "Ngoja nimpe mzee. Paza sauti, masikio nayo yanakwenda."

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nilisikia umefiwa."

Nikamwambia yote kwa mara moja, kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea. Maneno niliyosema shuleni, na kwa nini nilikaa mbele, na nilichokuwa natazama. Nikamwambia kundi la Ndugu Wanne lilikufa kwa sababu yangu. Upande wa pili nikasikia kuku tu, na Stella akikohoa.

"Mkono uliondoka mgongoni," akasema mwishowe. "Mimi sikujua sauti imeondoka. Nilijua mkono umeondoka. Kwa mkono ule alikuwa anajua navuta pumzi lini, anavuta na mimi."

"Sikujua, baba."

"Usiku ule nilimfuata nikamuuliza. Aliniambia, mtoto alikuwa ananitazama, nikashindwa. Nikamtukana. Nikamwambia ameuza wenzake kwa mtoto wa darasa la pili. Sikumsamehe miaka mingi, sitakudanganya. Nilitaka redio. Niliitaka sana."

Nikasema nisamehe. Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Santuri mnayo?"

"Niliitupa. Ililowa."

"Na yangu ilivunjikia Tabora." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Sauti ya baba yako wewe unaijua?"

"Naijua."

"Basi shika."

Akaanza bila gitaa. Sauti ilikuwa imekwaruzika, haikufika juu alikokuwa akifika, lakini alijua pa kwenda. Nikaingia chini yake na sauti ya baba. Simu ilituchelewesha kidogo, mmoja akawa nyuma ya mwenzake, ikabidi nimngoje kila mwisho wa mstari. Upendo na Gody walisimama mlangoni. Tukamaliza ubeti wa kwanza hivyo hivyo.

Ubeti wa pili ulipoanza, Bwana Tito akanyamaza. Niliitazama simu nikidhani imekatika. Haikukatika, nilimsikia akipumua, akisikiliza. Nikaendelea peke yangu, sauti ya pili, mpaka mwisho.